Mchina wa Zamani na Mchina wa Sasa

Swali lililozaa makala haya sikulikuta maktaba. Nililisikia Majimoto, katika Bonde la Rukwa, mkoani Katavi, siku ya mnada, likiulizwa na mzee mmoja aliyekuwa akinunua jembe. Muuzaji alikuwa ametandaza turubai lake chini ya mwembe na kupanga juu yake karibu kila kitu ambacho nyumba ya mkulima huhitaji: makufuli, tochi, redio, betri, nyembe, vikombe vya plastiki, taa ndogo za mwanga wa jua, na majembe yaliyolaliana kama samaki sokoni. Mzee alichagua jembe moja, akapapasa ukingo wake kwa kidole gumba, akaokota jiwe, akaligonga. Akasikiliza. Akalirudisha, akagonga la pili, akasikiliza tena. Kisha akauliza:

"La wapi hili?"

"La Mchina, babu. Orijino."

"Mchina yupi? Wa zamani au wa sasa?"

Watu waliokuwapo walicheka. Mzee hakucheka, alikuwa akingoja jibu.

Mimi ni mtu wa Unguja, na huko bara nilifika kwa mwaliko wa rafiki yangu ambaye ni mwalimu. Ukitoka Mpanda mjini unapita Sitalike, penye daraja ambalo wasafiri hupenda kusimama kutazama viboko, unaikata Hifadhi ya Katavi, unafika Kibaoni, na hapo unaiacha barabara ya Sumbawanga na kuingia bondeni. Majimoto imepata jina lake kutokana na chemchemi za maji ya moto. Wenyeji wa asili ni Wapimbwe, nao wamechanganyika na Wafipa, Warungwa, na Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao katika miongo ya karibuni. Kinacholimwa zaidi ni mpunga na mahindi. Mvua ni za msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na jambo hili msomaji alikumbuke, kwa sababu ndilo linaloipa uzito kazi ya kugonga jembe kwa jiwe. Kwetu visiwani, mtu akikosa vuli ataitegemea masika. Majimoto, mkulima ambaye jembe lake limepinda wiki ya kwanza ya mvua hana msimu mwingine wa kutegemea mwaka huo.

Nilirudi nyumbani na swali lile. Kila nilipolifikiri niliona kuwa mzee hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa akigawa historia katika vipindi viwili, na mpaka wa vipindi hivyo aliujua kwa mkono wake. Nimejaribu hapa kuutafuta mpaka huo kwa njia yangu. Naona nianze na Mchina wa kale zaidi kuliko yule wa mzee, kwa kuwa huyo ni jirani yetu sisi watu wa pwani.

Katika magofu ya Unguja Ukuu wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya vyombo vya Kichina vya zama za nasaba ya Tang, yaani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Huko Kajengwa, karibu na Makunduchi, mwaka 1945 ilifukuliwa hazina ya sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za nasaba ya Song. Kilwa Kisiwani, Gedi, Mambrui, Kunduchi, kote huko kauri za China zimeonekana ardhini na kutani. Kaburi la mnara la Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, lilipambwa kwa bakuli zilizopachikwa katika chokaa, ndani yake zikitazama nje, ili mpita njia aone maua yake. Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia wa Kiingereza aliyeitembelea pwani hii mwaka 1955, alistaajabu kiasi cha kusema kuwa historia ya Tanganyika tangu karne ya 10 imezikwa ndani ya kauri za Kichina. Alitia chumvi, lakini wa kumlaumu ni nani, ikiwa alikuwa akitembea juu ya vigae hivyo?

Basi hapo bidhaa ya Mchina ilikuwa johari. Haikununuliwa ili itumike na kuchakaa tu. Ilipachikwa mahali pa ibada na juu ya makaburi ya wakubwa, itangaze kwamba aliyelala hapo alikuwa mtu wa kujuana na bahari. Wala haikuletwa na Mchina mwenyewe. Ukiacha safari za majeshi ya majini ya Zheng He, yaliyofika pwani ya Malindi katika miongo ya kwanza ya karne ya 15, kauri hizo zilipita mikono ya wafanyabiashara wengi, kutoka bandari hadi bandari, hadi zikaingia majahazini na kushuka kwetu. Aliyenunua Kilwa hakumjua mfinyanzi, na mfinyanzi hakumjua yeye.

Hata hivyo wataalamu wa vigae wanatwambia jambo ambalo hupunguza kiburi chetu kidogo. Kauri nyingi zilizofika huku hazikuwa zile bora zilizoingia katika majumba ya wafalme wa China. Zilikuwa vyombo vya kuuzwa nje, vilivyofanywa kwa wingi katika tanuri za mikoa ya kusini, vizito, vyenye kasoro hapa na pale. Na katika kila mji wa kale wa Waswahili uliochimbwa, vyungu vya udongo vilivyofinyangwa papo hapo na wanawake wa huku ndivyo vilivyo vingi mno, ilhali vya Kichina ni haba. Uchache ndio uliozitia heshima. Laiti bakuli zile zingefika kwa makontena, sidhani kama mtu angezipachika kaburini.

Sasa niruke karne kadhaa, kwa sababu hukumu ya mnunuzi juu ya nchi nzima, kwamba cha nchi fulani ni kizuri na cha nchi fulani ni kibovu, si ya zamani kama inavyodhaniwa. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Alama za Bidhaa, iliyotaka vitu vya kigeni vionyeshe vilikotoka. Shabaha kubwa ilikuwa Ujerumani, ambayo visu na mikasi yake ya bei nafuu ilikuwa ikiuzwa kama kwamba imetoka Sheffield. Maneno "imetengenezwa Ujerumani" yaliwekwa ili mnunuzi aone haya kununua. Hayakupita hata miaka 10 mambo yakageuka: mwaka 1896 mwandishi mmoja, Ernest Williams, alitoa kitabu kizima chenye jina hilo kuwaonya Waingereza wenzake kuwa bidhaa za Wajerumani zinawashinda majumbani mwao wenyewe. Alama ya aibu ikawa alama ya sifa.

Afrika Mashariki tuliliona jambo kama hilo kwa Mjapani. Mikataba ya bonde la Kongo, iliyotengenezwa upya huko Saint-Germain mwaka 1919, iliwazuia wakoloni kutoza ushuru wa upendeleo kwa bidhaa za Uingereza katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa hiyo katika miaka ya 1930 nguo za pamba na viatu vya mpira kutoka Japani viliingia kwa ushuru uleule wa vile vya Manchester, na kwa bei ya chini sana. Wenye viwanda wa Kiingereza walipiga kelele kuwa ni takataka. Mwanamke wa Ng'ambo au wa Ujiji hakuwasikiliza. Alinunua khanga ya Mjapani kwa sababu ilikuwa ndani ya uwezo wake, akaifunga, na ilipochakaa akanunua nyingine. Leo hakuna anayemcheka mwenye Toyota, na vijana hawajui kabisa kwamba jina la Japani liliwahi kutajwa kwa kubinua mdomo.

Nayataja haya ili isidhaniwe kuwa Mchina ni wa kwanza kusimamishwa kizimbani. Ama Mchina wa zamani wa mzee wa Majimoto, yeye hakuja na kauri wala majahazi. Alikuja na reli.

Kabla yake jembe lilikuwa na historia yake katika nchi ile. Juu ya ukuta wa milima ya Lyamba lya Mfipa, kwenye uwanda wa Ufipa, palikuwa na mafundi wakubwa wa chuma. Matanuri yao marefu ya udongo, yaitwayo malungu, mengine bado yamesimama, yakipita kimo cha mtu. Ndani yake waliyeyusha mawe ya chuma, na majembe yao yaliuzwa mbali, yakatolewa mahari, yakalipiwa kodi kwa watawala. Ukoloni ulipokuja, jembe la kiwandani kutoka Ulaya liliwashinda. Halikuwashinda kwa uimara. Liliwashinda kwa kuwa mtu hakuhitaji tena kukata kuni za makaa, kuchimba mawe na kufuata miiko ya siku nyingi ili apate jembe moja. Aliuza kidogo, akalipata dukani kwa Mhindi au Mwarabu. Mpanda ilifikiwa na reli mwaka 1950, kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira, na tangu hapo mzigo wa dukani ulishuka kwa treni kutoka Tabora kupitia Kaliua.

Baada ya uhuru Serikali ya Tanganyika, kisha ya Tanzania, ilitaka jembe litoke nyumbani. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, ambacho watu wengi wamekijua kwa herufi zake UFI, kilijengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jirani yake ni Urafiki, kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi wa Julai 1968. Zanzibar nasi tulipata fungu letu mapema: madaktari wa Kichina katika hospitali zetu tangu katikati ya miaka ya 1960, kiwanda cha sukari cha Mahonda, uwanja wa michezo wa Amani uliofunguliwa mwaka 1970. Lakini mambo yote hayo ni madogo ukiyaweka kando ya TAZARA.

Mkataba wa reli hiyo ulitiwa saini Peking tarehe 5 Septemba 1967 baina ya China, Tanzania na Zambia. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, bila ya riba, ulipwe kwa miaka 30. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na njia ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikabidhiwa Julai 1976. Hayo yameandikwa mara nyingi. Jambo ambalo huandikwa mara chache ni jinsi gharama za hapa nyumbani zilivyolipwa. Vibarua walitaka mishahara kwa shilingi. Mbao, mchanga na chakula vilinunuliwa kwa shilingi. Na China ya wakati ule haikuwa na fedha za kigeni za kuzibadili. Basi ikakubaliwa kuwa Tanzania na Zambia zichukue bidhaa za China kwa mkopo, ziziuze katika maduka yao, na fedha zinazopatikana ndizo zilipie kazi. Kwa upande wetu bidhaa hizo zilipita katika Shirika la Biashara la Taifa, STC, na baada ya kuvunjwa kwake katika makampuni ya biashara ya mikoa. Ndivyo zilivyofika sahani za bati zenye maua mekundu, chupa za chai, taa za kandili, tochi, kalamu za wino, mashati, na baiskeli za Phoenix kutoka Shanghai. Mtu wa kijijini aliponunua bakuli, thamani ya bakuli ile ilikwenda kuwa ujira wa kibarua aliyekuwa akipiga nyundo Mlimba au Makambako. Sijui kama aliambiwa hivyo. Lau angeambiwa, pengine angeliosha kwa uangalifu zaidi.

Isifikiriwe kuwa kila mtu alifurahi. Malalamiko yalikuwapo tangu wakati huo. Shehena ilifika kwa wingi katika vitu ambavyo havikuhitajika na kwa uchache katika vilivyohitajika, na watu wa mijini waliozoea bidhaa za Uingereza na Japani waliziona za Kichina hazina madaha. Kwa mkulima mambo yalikuwa tofauti. Yeye hakutafuta madaha. Baiskeli ya Phoenix ilibeba magunia mawili ya mpunga na mke juu yake, na fremu haikukatika. Kisha palikuwa na wale Wachina wenyewe, waliolala katika mahema kama vibarua wao na kula wali wao kando ya tuta. Waliokufa kazini wengi wamezikwa Gongo la Mboto. Kwa hiyo jina la nchi lilikuwa limeungana na sura ya watu. Jembe la Mchina lilikuwa jembe la yule bwana aliyeshika sururu pamoja nasi.

Hapa nataka niwe mwangalifu, kwani kumbukumbu ni hakimu mwenye upendeleo. Vitu tunavyoviona leo kutoka zama zile ni vile vilivyodumu. Sahani iliyobanduka bati lake ikatoboka ilitupwa zamani, na haipo kutoa ushahidi. Aidha, ule ulikuwa wakati wa uhaba. Baada ya Operesheni Maduka ya mwaka 1976, ambayo ilikusudia maduka ya vijiji yawe ya ushirika, na khasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakulima wa nchi hii waliishi miaka ambayo sabuni ilikuwa kama lulu. Mtu asiyejua lini atapata jembe jingine hulitunza alilonalo: hulifuta, hulitundika darini, hulipeleka kwa mhunzi. Uimara wa Mchina wa zamani kwa sehemu ni uimara wa mikono iliyomshika.

Hata hivyo siwezi kuuondoa ushahidi wote kwa hoja hiyo. Yako mambo mawili ambayo kweli yalibadilika.

La kwanza ni mlango. Bidhaa za zama za TAZARA ziliuzwa na shirika la dola moja kwa shirika la dola jingine. China ilikuwa na mashirika machache ya kuuza nje, na kila moja lilijua kuwa jembe likivunjika Mpanda, aibu itafika Peking kwa njia ya balozi. Mwaka 1984 Tanzania ilianza kulegeza kamba ya biashara, ikaruhusu mwenye fedha zake nje aagize bidhaa bila ya kuulizwa amezipata wapi. Zanzibar ilifanya hivyo pia, na wengi wetu tunaikumbuka miaka ile ambayo watu wa bara walivuka kuja Darajani kununua redio na vitambaa. Wakati wa Rais Mwinyi mlango ulifunguka zaidi. Mwanzoni njia ilikuwa Dubai. Baadaye, khasa baada ya China kuingia katika Shirika la Biashara Duniani mwezi wa Desemba 2001, wafanyabiashara wetu wakajifunza njia ya Guangzhou na Yiwu bila ya kupita kwa mtu wa kati.

La pili ni agizo. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, mtu ninayemwamini, alinisimulia safari yake ya kwanza Guangzhou. Aliingia katika chumba cha maonyesho, akaonyeshwa makufuli matatu juu ya meza. Umbo moja, rangi moja, maandishi yaleyale. Bei tatu. La kwanza lilikuwa la shaba ndani na nje, la pili la shaba nje tu, la tatu la bati lililopakwa rangi ya shaba. Mwenye kiwanda hakumficha kitu. Alimuuliza tu, wateja wako wana uwezo gani? "Nikachukua la tatu," aliniambia, "kwa sababu ningechukua la kwanza, mwenzangu wa Kariakoo angechukua la tatu, akaliuza nusu ya bei yangu, na mnunuzi asingeona tofauti." Hakusema kwa kujisifu, wala hakusema kwa majuto makubwa.

Nadhani hapa ndipo ulipo mpaka wa mzee. Mchina wa sasa si Mchina peke yake. Nusu yake ni sisi. Kiwanda hutengeneza kile kilichoagizwa, na aliyeagiza ana jina la Kiswahili na duka lenye namba. Lakini kufuli linapokwama mlangoni, mwenye nyumba hamtaji muagizaji. Humtaja Mchina. Tangu miaka ya 2000 jina hilo limekuwa sifa inayobandikwa kwa kila kitu kisicho cha kweli: mapenzi ya kichina, urafiki wa kichina, hata maumbile ya mwanamke aliyetumia dawa za kuongeza mwili yakaitwa ya Mchina. Lugha yetu, ambayo zamani ilimpa bakuli lake mahali juu ya kaburi, ikampa nafasi kando ya maneno "feki" na "bandia".

Sheria haikulala kabisa. Tanganyika ilikuwa na Sheria yake ya Alama za Bidhaa tangu 1963, mjukuu wa ile ya Kiingereza. Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata na kuteketeza bidhaa bandia, na mwaka 2012 Shirika la Viwango lilianza mpango wa kutaka bidhaa zikaguliwe huko zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Yaliyotokea usiku wa tarehe 16 Juni 2016 wengi wanayakumbuka: Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu zote zenye namba za utambulisho za kughushi. Mwalimu mwenyeji wangu alikuwa Majimoto usiku huo. Asubuhi yake, alisema, kijiji kilikuwa kimya kama siku ya msiba. Watu walikuja skuli na simu zao mikononi wakimwomba aziamshe. Mama mmoja aliuliza kosa lake ni nini, kwani simu aliinunua dukani, mchana, mbele za watu.

Swali la mama yule limenikaa. Adhabu ya bidhaa bandia ilimfika yeye, aliye mwisho wa mnyororo, wala si yule aliyejaza kontena. Kisha alipokwenda kununua nyingine, alinunua nini? Alinunua Tecno, ambayo nayo ni ya Kichina, ya kampuni iliyoanza mwaka 2006 na baadaye ikaamua kuielekea Afrika: laini mbili kwa sababu watu wa huku hushika mitandao miwili, betri ya siku nyingi kwa sababu umeme ni wa shida, kamera iliyorekebishwa ili uso mweusi usipotee gizani. Mtu mmoja, kwa mwaka mmoja, alizimiwa simu ya Mchina na akapendezwa na simu ya Mchina. Sioni kama neno "Mchina" lilimsaidia kuelewa lolote katika mawili hayo.

Mfano mwingine upo karibu zaidi na Majimoto. Mwaka 2009 Serikali ilizindua Kilimo Kwanza, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, mzaliwa wa Mpimbwe hukohuko, alizipigania sana zile trekta ndogo za kushikwa kwa mikono ambazo wakulima huziita pawatila. Nyingi ziliagizwa kutoka China. Zilibuniwa kwa mashamba ya mpunga yenye tope. Zilipopelekwa katika ardhi ngumu, kavu, yenye visiki, zilishindwa, na katika wilaya nyingi zikaishia kuegeshwa. Watu wakasema: si ni za Kichina! Majimoto niliiona moja ikivuta tela la magunia, na mwenyewe hakuwa na lalamiko ila bei ya vipuri. Mashine ileile, kosa la aliyeipeleka mahali pasipoifaa.

Katika haya yote, wa kucheka zaidi ni sisi wenye elimu, tunaosema kuwa watu wa vijijini hudanganywa na bei rahisi. Mzee aliyegonga jembe kwa jiwe hakudanganywa na yeyote. Alijua kuwa rahisi ni ghali, tena alijua kwa hesabu kamili kuliko mimi. Lakini jembe ghali halikuwapo juu ya turubai. Jembe la UFI halikuwapo tena, kwa sababu kiwanda kile hakikuhimili ushindani baada ya milango kufunguliwa. Na huko Ubungo jirani yake, Urafiki, ambao tangu 1997 wenye hisa nyingi walikuwa Wachina, ulielemewa na vitambaa vilivyoingia kutoka ng'ambo, China ikiwa miongoni mwao. Yeye alikuwa na fedha ya jembe moja, mvua zilikuwa wiki mbili mbele, na uchaguzi wake ulikuwa baina ya majembe kumi ya ndugu mmoja. Katika hali hiyo sikio lake ndilo lililokuwa shirika la viwango.

Hasira ya watu dhidi ya Mchina wa sasa, khasa pale anapokaa mwenyewe nyuma ya meza Kariakoo, naielewa. Januari 2011 naibu waziri aliwapa wageni wenye biashara ndogondogo siku 30 waondoke pale, na Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Huenda amri hiyo ikalinda riziki ya machinga wetu, nami namtakia heri. Kulibadili jembe ni jambo jingine, maana jembe lile halikuletwa Majimoto na Mchina. Lililetwa na kijana wa Kitanzania kwa basi la Mpanda, naye alilichukua kwa Mtanzania mwenzake, hadi kwa yule aliyesimama mbele ya meza yenye bei tatu.

Nirudi mnadani. Muuzaji, baada ya kicheko kutulia, alijibu kwa adabu: "Wa sasa, babu. Wa zamani haleti tena." Mzee akatikisa kichwa, akaendelea kugonga. La tano au la sita lilimridhisha kiasi, akaomba apunguziwe, akapunguziwa kidogo, akalipa noti zilizokunjwa mara nyingi. Nilimuuliza kama jembe la Mchina wa zamani analo bado. Akasema analo, ila limelika hadi limebaki upana wa kiganja, na sasa mkewe hulitumia kupalilia mchicha.

Mwezi wa Desemba mwalimu alinipigia simu kuhusu mambo mengine, nami nikamuuliza khabari za yule mzee. Alisema jembe lilipinda katika wiki ya pili, kwenye shingo, na mzee alikuwa amelipeleka kwa mhunzi, mtu wa kutoka Ufipa mwenye kibanda nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, ambaye huyatia majembe mapya kipande cha springi ya lori kabla hayajavunjika, kwa wale wanaowahi kumfikia.